Kusahihisha rangi ni nini, na ni programu gani ya video inayoiweza kazi hiyo

Wengi wakitafuta programu ya kuhariri video huanza kwa kuhesabu filta. Mimi ningekuomba uanze na swali jingine: programu hii itanionyeshaje kwamba rangi ninayoiona ndiyo yenyewe? Hapo ndipo ilipo maana ya kusahihisha rangi.

Kusahihisha rangi ni kuirudisha picha karibu na vile ambavyo mtu aliyekuwepo angeliiona. Kamera ikipangiwa mwanga wa taa za ndani, yaani kelvini 3200 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), kisha ikapelekwa juani penye kelvini kama 5600, shati jeupe hutoka la samawati. Kulifanya lirudi jeupe ni kusahihisha. Kuhakikisha uso wa mzungumzaji haubadiliki rangi kila klipu inapobadilika, huko nako ni kusahihisha.

Kupamba rangi ni kazi nyingine, nayo huja baadaye: kuipa picha ubaridi wa huzuni, au joto la machweo. Ukianza na pambo, kila klipu hulipokea kivyake, maana hazikuwa sawa tangu mwanzo. Utashinda ukihangaika na pambo ilhali kosa liko chini yake.

Tatizo ni kwamba jicho huzoea haraka. Itazame picha iliyojaa umanjano kwa dakika chache, nawe utaanza kuiona ya kawaida. Skrini nayo ina yake, hasa ikiwa haijawahi kupimwa. Kwa hiyo kazi hii hufanywa kwa vipimo, yaani grafu zinazosoma picha yenyewe bila kujali macho yako yamechoka kiasi gani. Grafu ya mwangaza huonyesha sehemu gani zimeungua na zipi zimezama gizani. Grafu za nyekundu, kijani na bluu zikiwa kando kwa kando hufichua rangi iliyozidi: kitu cheupe kikiwa cheupe kweli, zote tatu hukaa kimo kimoja.

Kisha kuna vektaskopu, ile duara inayoonyesha rangi imeelekea wapi na imekolea kiasi gani. Ndani yake mna mstari wa rangi ya ngozi. Ngozi nyeusi, ya kahawia au nyeupe, ikimulikwa kwa mwanga usio na rangi, huangukia karibu na mstari huo huo. Kinachotofautiana zaidi ni mwangaza wake na kukolea kwake. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote, kwa sababu mtazamaji anaweza kusamehe mbingu iliyokosewa, lakini uso uliogeuka kijani humfanya aache kusikiliza. Programu isiyokuwa na vipimo hivi ni ya kukata na kuunganisha tu, hata ikija na filta mia tano.

Jambo la pili ni faili zako. Video ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi; ya biti 10 ina 1,024. Ukizibadilisha sana rangi za video ya biti 8, mbingu laini hugawanyika na kuwa michirizi, na hakuna programu itakayokurudishia ngazi ambazo kamera haikurekodi. Ikiwa kamera yako hurekodi kwa logi, ile picha iliyofifia kama imepakwa majivu ili kutunza maeneo ya mwanga na ya kivuli, utahitaji programu inayojua kuigeuza iwe Rec. 709, kiwango cha televisheni za HD.

Kwa rangi peke yake, ningependekeza DaVinci Resolve bila kusita. Ilizaliwa kama mfumo wa kusahihisha rangi, wa gharama ambayo ni studio kubwa tu zilizoimudu, mpaka Blackmagic Design ya Australia ilipoinunua kampuni iliyoutengeneza mwaka 2009. Toleo la bure lilifuata mwaka 2011. Leo toleo hilo lina vipimo vyote nilivyotaja na hutoa video hadi 3840 kwa 2160. Kupunguza chembechembe zinazojitokeza kwenye video iliyopigwa gizani ndiko kunakodai toleo la kulipia. Ila huitegemea sana kadi ya michoro, na kompyuta dhaifu itakwama.

Premiere Pro hulipiwa kwa usajili, na humfaa anayefanya kazi na wenzake wanaotumia programu nyingine za Adobe. Final Cut Pro haiendeshwi kwenye Windows. Kdenlive na Shotcut ni za bure kabisa, zina vipimo, na kwa kompyuta ya kawaida ningezijaribu kabla ya kukata tamaa, ingawa zana zake za rangi ni chache kuliko za Resolve.

Kabla ya kulipa chochote, chukua klipu yako mbaya kuliko zote, iliyopigwa chini ya taa mbili za rangi tofauti. Iingize kwenye programu unayoifikiria, uufikishe uso wa mtu kwenye ule mstari wa ngozi, kisha uitoe video na kuitazama kwenye simu na kwenye kompyuta nyingine. Rudia klipu hiyo hiyo katika programu ya pili, ukiangalia saa.