Kumwomba Mungu riziki wakati wa mbalamwezi

Hapa Bagamoyo nyumba za wavuvi wa dagaa hula kwa kufuata mwezi. Dagaa huvutwa na taa, kwa hiyo kazi ni wakati wa giza. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu taa hazifui dafu, vyombo vinakaa pwani na nyavu zinashonwa. Ndipo maombi ya riziki yanapozidi, na ndipo watu wanapokimbilia mikopo ya kausha damu. Ninapofundisha kumtegemea Mungu naanzia Kutoka 16, kwa sababu pale aliwapa Waisraeli mana jangwani, chakula pamoja na masharti yake.

Angalia vipimo. Kila mtu pishi moja kwa siku, kama lita 2 hivi, iokotwe asubuhi, maana jua likiwa kali inayeyuka. Waliobakiza hadi kesho walikuta mabuu na uvundo (mst. 20). Lakini siku ya sita waliokota pishi 2 kwa kila mtu, na iliyowekwa haikuoza (mst. 24). Wengi hukomea kwenye mabuu, wakasema kuweka akiba ni kukosa imani. Si kweli! Iliyooza ni ile iliyowekwa kwa woga, kinyume cha neno. Iliyodumu ni ya Sabato, siku ambayo Mungu mwenyewe alishasema hakutakuwa na kuokota. Mbalamwezi nayo inajulikana tangu mwezi unapoandama. Kuiwekea akiba ni utii.

Basi wakati wa giza chukua daftari, andika matumizi ya siku moja tu: unga, mboga, mafuta, mkaa, maji, nauli ya mwanafunzi. Zidisha kwa siku ambazo chombo hakitatoka, kisha gawa kwa siku za kazi. Siku za kukaa zikiwa 8 na za kazi 16, kila ukirudi pwani unaweka nusu ya matumizi ya siku, kabla ya vocha na kabla ya kumkopesha mtu. Halafu liombee daftari kwa kutaja vitu: "Bwana, unga kilo 2, leo." Ombi la namna hiyo ukijibiwa unajua umejibiwa, na mtoto anayesikiliza anajifunza kushukuru kwa kitu anachokiona sufuriani. Andika kilichopatikana na kilipotokea.

Wafilipi 4:19, "Mungu wangu atawajazeni kila mnachokihitaji," ndio mstari unaotumika vibaya kuliko yote. Usomwe kuanzia mst. 10. Paulo anasema amejifunza kushiba na kuona njaa pia, na ahadi ile anawapa watu waliokwisha kumtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito. Hakuna mahali pale Mungu anapofanywa mdaiwa. Sadaka inayotolewa ili irudi mara kumi ni biashara, na isiporudi mtu huacha hata kusali. Hilo linaniuma sana, kwa sababu anayeumia zaidi ni yule aliyetoa nauli yake ya mwisho.

Roho nayo hulishwa kila siku. Ibada ya Jumapili peke yake haifiki Alhamisi. Dakika 15 kabla ya kushika simu zinatosha: Kutoka 16 ina mistari 36, soma 9 kwa siku 4, ukijiuliza Mungu ametoa nini na ameagiza nini. Anayerudi baharini alfajiri asome kabla ya kulala; asubuhi yake ndiyo hiyo.

Na daftari likionyesha pungufu? Aliyeokota mana kidogo hakupungukiwa (Kutoka 16:18), na Paulo anautumia mstari huo kuhimiza michango (2 Wakorintho 8:15). Kwa hiyo mwambie mzee wa kanisa au katekista mapema, ukitaja kiasi: "Nimepungukiwa unga wa siku 3." Ukisema "hali ngumu" utaombewa tu. Jumuiya nayo iwe na debe lake la unga, kila nyumba ije na kibaba wakati wa giza, na litunzwe na mtu asiyetangaza nani amechota.