Kumnyima chakula hakumfanyi dakshundi abaki mdogo

Kuna ujumbe unaozunguka kila mara kwenye magrupu ya wafuga mbwa wa Dar es Salaam: dakshundi mini (aina ndogo ya mbwa wa miguu mifupi na mgongo mrefu) mpe mlo mmoja tu kwa siku, asikue. Si kweli. Udogo hurithiwa, hivyo kabla ya kununua omba kuwaona wazazi. Mini aliyekomaa huwa na kilo 5 hivi. Watu huchanganyikiwa kwa sababu mtoto wa mbwa aliyekonda huonekana mdogo kweli, kumbe ana njaa. Njaa hiyo ikishusha sukari ya damu, hutetemeka, hulegea, hata huzimia. Wa miezi mitatu ale mara 3 hadi 4 kwa siku. Papasa mbavu: zihisike kirahisi bila kuchomoza. (Kumnenepesha nako huelemea mgongo wake mrefu.) Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.