Kosa la faili la kielektroniki: Kulwa anapotibiwa kwa jina la Doto

Mama wa Igoma anafika mapokezi na mapacha wake, wote wana homa. Karani anatafuta kwa jina la baba, skrini inamletea mistari miwili iliyofuatana: baba mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, simu moja ya mama. Foleni imefika mlangoni. Anabofya mstari wa chini badala ya wa juu, na kuanzia hapo Kulwa anatibiwa ndani ya faili la Doto.

Kosa la faili la kielektroniki ndilo hilo: taarifa iliyomo kwenye mfumo wa hospitali ambayo si sahihi, ina pengo, au ni sahihi kabisa ila imekaa kwa mtu asiye wake. Hii ya tatu ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu haina dalili. Majibu ya maabara ni ya kweli, maandishi yanasomeka, kila kisanduku kimejazwa. Lakini leo Kulwa akivimba uso baada ya sindano ya penisilini, onyo linaandikwa kwa Doto. Mwezi ujao Kulwa anarudi, safari hii faili lake lenyewe linafunguliwa, na halina onyo lolote.

Kwetu Kanda ya Ziwa kuna na suala la tahajia. Mji wenyewe wa Mwanza kwa Kisukuma ni Ng'wanza. Mzee Ng'wandu anaweza kuwa Mwandu dirisha hili na Ngwandu lile, na kompyuta isiyomtambua inamfungulia faili jipya. Presha yake iko huku, dawa za kisukari ziko kule, daktari anaona nusu ya mgonjwa.

Mara nyingine mtego uko kwenye programu. Mwaka 2013, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, nchini Marekani, mvulana wa miaka 16 alitakiwa kumeza kidonge kimoja cha dawa ambayo sisi tunaiita Septrin. Daktari aliandika 160, akimaanisha miligramu. Skrini ilikuwa imewekwa kwenye miligramu kwa kila kilo ya mwili, hivyo kompyuta ikazidisha kwa uzito wa kijana na kutoa vidonge 38 na nusu. Onyo lilijitokeza, likafungwa kama yanavyofungwa maonyo mengi yasiyo na maana ambayo mifumo hii huyamwaga kutwa nzima. Roboti ya famasia ikafungasha. Muuguzi alishangaa kuona wingi ule, lakini mashine ya kusoma pakiti ikamwambia dozi ni sahihi, akampa. Kijana alipatwa na degedege kali; akanusurika.

Simlaumu muuguzi yule. Alishaona kwa macho yake kwamba kuna tatizo, ila mfumo ulikuwa umezungumza kwa uhakika kuliko yeye.

Halafu kuna kunakili na kubandika. Maelezo ya jana yanaletwa leo ili kuokoa muda, na mtoto aliyepimwa kilo 9 mwezi Machi anaendelea kuwa na kilo 9 mwezi Agosti, wakati dozi yake inakokotolewa kwa uzito. Mtandao ukikatika usiku, zamu huandika daftarini. Asubuhi mtu aliyechoka anaingiza wagonjwa wote kwa mkupuo. Mfumo ukihifadhi saa ya kuingiza badala ya saa dawa ilipotolewa, zamu inayofuata inapanga dozi kwa saa isiyo ya kweli. Na neno la siri likitumiwa na watu watatu, kosa la mmoja linabeba jina la mwenye nalo, hata kama siku hiyo alikuwa kwao Magu.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayompa mtu haki ya kuomba taarifa zake zenye makosa zirekebishwe. Marekebisho mazuri hayafuti: maandishi ya zamani yanabaki yakiwa na alama, ili daktari ajue kilichobadilika, lini na kwa mkono wa nani.

Pale mapokezi, mama aseme: "Huyu ni Kulwa, naomba unisomee namba ya faili lake." Karani akiisoma kwa sauti na mama akiifuatisha kwenye kadi, hata tarakimu moja ikitofautiana itasikika kabla mtoto hajafika kwa daktari.