Mfumuko wa ulimwengu na swali la donge la kwanza

Hapa Kampala ukisema mfumuko, watu wanafikiria bei: chapati inabaki ya pesa ileile, ila imepungua upana. Mfumuko wa wanafizikia ni kinyume chake. Upana wenyewe ndio uliotanuka, ghafla, ulimwengu ulipokuwa mchanga kabisa.

Wazo hilo lilizaliwa na fumbo. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson, huko Marekani, walitangaza kwamba antena yao inanasa mvumo hafifu kutoka kila upande wa anga. Ni mabaki ya joto la ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Unazikumbuka televisheni za antena ya waya, zikikosa stesheni zinabaki chengachenga? Sehemu ndogo ya chenga zile ilikuwa joto hilohilo. Leo limepoa hadi digrii 2.7 juu ya sifuri halisi (baridi ya mwisho kabisa), na ukilipima huku na kule, tofauti ni kama moja kwa laki moja. Ajabu iko hapo. Mwanga wa pande mbili za anga ndio kwanza unatufikia sisi tulio katikati, baada ya miaka bilioni 13.8, kwa hiyo pande zenyewe zilikuwa hazijapata kukutana. Zilisawazishwa na nini?

Mwanafizikia Alan Guth alijibu mwaka 1981: zilikuwa jirani, kisha nafasi ikatanuka kwa punje ya sekunde, angalau mara 1 yenye sifuri 26 nyuma yake. Modeli yake ya kwanza haikujua kusimama, yaani mfumuko haukuisha vizuri. Mwaka uliofuata Andrei Linde, na kwa upande wao Andreas Albrecht na Paul Steinhardt, waliirekebisha: kuna uga, yaani kitu kilichoenea kila mahali katika nafasi chenye thamani yake kila sehemu, unaoteremka polepole kwenye kilima cha nishati, na ukifika chini nishati yake inageuka joto na chembe.

Sasa mtazame muuza rolex wa Wandegeya hapa Kampala (chapati ya kuviringishwa na mayai, si saa ya mkononi). Donge lina alama za vidole. Akilisukuma mara tano sita, alama zimelala. Hiyo ndiyo kazi ya mfumuko. Lakini donge likiwa kavu, au lina vibonge vya unga ambao haukukandwa, kingo zinapasuka kabla halijawa chapati. Hali za mwanzo ni swali hilo tu: donge lilikuwaje kabla halijasukumwa? Mfumuko unahitaji kipande laini kiasi, na uga uwe umeketi juu ya kilima. Mwanahisabati Roger Penrose analalamika kwamba kupata mwanzo wa namna hiyo kwa bahati ni kugumu kuliko fumbo lililokusudiwa kufumbuliwa. Linde mwaka 1983 alipendekeza uga uanze na thamani yoyote, popote. Mahali fulani patafaa, na pakifaa hapo patameza kila kitu kwa ukubwa. Mimi naona ni jibu la mkulima anayemwaga mbegu kote, lakini si jibu baya.

Nadharia ya nyuzi, inayosema chembe zote ni nyuzi ndogo mno zinazotetemeka, inazidisha ugumu. Inadai vipimo vya ziada 6 vya nafasi (zaidi ya urefu, upana na kina), vimekunjwa visionekane, na ukubwa wa kila mkunjo nao ni uga unaoweza kuteleza. Usipoufunga, mikunjo inafunguka na mfumuko unaharibika. Mwaka 2003 wanafizikia Kachru, Kallosh, Linde na Trivedi walionyesha njia ya kuifunga. Tatizo likawa wingi, maana namna za kukunja hukadiriwa kuwa 1 yenye sifuri 500. Mwaka 2018 mwanafizikia Cumrun Vafa na wenzake walikuja na dhana kali: huenda nyuzi haziruhusu kabisa vilima vya mteremko wa taratibu. Ubishi haujaisha.

Wakati huohuo vipimo vinasonga. Darubini za BICEP katika Ncha ya Kusini zinatafuta alama za mawimbi ya uvutano (mitikisiko ya nafasi yenyewe) ya enzi ya mfumuko, na kufikia 2021 zilikuwa hazijaziona kwa kiasi ambacho kilima rahisi cha Linde cha 1983 kinadai. Vilivyobaki ni vilima vyenye kilele bapa, na kuupandisha uga juu ya kilele bapa kunataka donge lililokandwa kwa uangalifu zaidi.