Mumbai hadi Delhi: kilomita 1,140, saa mbili na robo

Mzee mmoja anayempeleka mkewe kutibiwa Delhi, kutoka Dar kupitia Mumbai, alikuja ofisini juzi na karatasi ya hesabu mkononi. "Mwanangu, ramani inasema kilomita 1,140. Ndege inakwenda 830 kwa saa. Mbona tiketi yako imeandikwa saa mbili na robo?"

Nimekata tiketi za India kwa miaka mingi na sijawahi kuulizwa vizuri hivyo. Kwa hesabu yake, safari ingekwisha kwa saa moja na dakika ishirini na kitu. Tatizo ni kwamba ile 830 ni mwendo wa juu tu, ndege ikishatulia angani. Ikipanda na ikishuka, kasi ni ndogo zaidi. Chini ya futi 10,000 marubani huzuiwa kuzidi noti 250, yaani kama kilomita 460 kwa saa. Katika safari fupi kama hii, kupanda na kushuka ni sehemu kubwa ya safari yenyewe. Ndiyo maana angani tu unakaa kama saa moja na dakika 40 au 50.

Dakika zinazobaki zinaliwa ardhini. Muda wa tiketi huanza ndege inapoachia maegesho, si magurudumu yanaponyanyuka, na huisha inapoegesha tena. Uwanja wa Mumbai una njia mbili za kurukia, lakini zinakatana kama msalaba, hivyo haziwezi kutumika kama njia mbili zinazojitegemea. Foleni yake naijua! Delhi nako uwanja ni mpana, ukishatua bado unazungushwa. Juu ya hayo, shirika huongeza dakika za akiba. Ukisikia rubani anatangaza kwamba mmewahi ilhali mlichelewa kuondoka, ni akiba hiyo.

Watu huniuliza pia kuhusu upepo. Majira ya baridi, upepo wa juu kaskazini mwa India huvuma kwa nguvu kutoka magharibi. Lakini Delhi iko kaskazini mwa Mumbai, mashariki kidogo tu, kwa hiyo upepo unaipiga ndege ubavuni. Kwenda na kurudi havipishani sana. Ingekuwa Delhi na Kolkata, hapo ungeona tofauti: kuelekea Kolkata unasukumwa, kurudi unapigana nao.

Ukungu ndio wa kuogopa. Desemba na Januari, asubuhi Delhi hufunikwa, ndege zikachelewa au zikapelekwa miji mingine. Miezi hiyo siwakatii wagonjwa ndege ya alfajiri.

(Treni? Rajdhani inachukua karibu saa 16 kwa reli ya kilomita kama 1,385. Kwa mgonjwa, hapana.)

Mzee alitaka kuunganisha ndege Mumbai kwa muda wa saa mbili. Nikamkatalia. Ukitoka Dar, pale ndipo unapogongewa muhuri wa kuingia India, unachukua mizigo, unapita forodha, unaikabidhi upya, na ndege ya ndani huenda ikaondokea jengo jingine kabisa. Tena saa ya India iko mbele ya yetu kwa saa mbili na nusu, mwili haujui ni saa ngapi. Nimemwekea saa nne na nusu, na kiti cha magurudumu cha mama nimeshakiombea viwanja vyote viwili.