Gia ya oto ikichelewa kuingia, anza na dipstiki, kijiti cha kupimia oili ya giaboksi

Ukiweka D asubuhi, gari likatulia kwanza ndipo lijivute, usikubali giaboksi ishushwe siku hiyohiyo. Kwa Toyota nyingi za zamani, kutoka N (huru) kwenda D (mbele) gia inatakiwa iingie ndani ya sekunde 1.2, na kwenda R (rivasi) isizidi 1.5. Ikizidi hapo, mara nyingi presha ya oili haitoshi.

Pima gari likiwa la moto, limeshatembea kama kilomita 15. Simama mahali tambarare, injini ikiunguruma, kanyaga breki, pitisha mkono wa gia kutoka P hadi L taratibu, kisha urudishe P. Futa dipstiki, irudishe, chomoa tena, soma alama ya HOT. Wengi hupima injini ikiwa imezimwa. Hapo oili huonekana imejaa kumbe imepungua.

Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake klachi pleti zimeungua, na oili mpya haitazirudisha. Lakini kwa Dar ninayoiogopa zaidi ni ile ya pinki nzito, kama yogati ya stroberi. Hayo ni maji. Huingia kwa njia mbili: gari lililopita kwenye mafuriko, Jangwani kwa mfano, hunywa maji kupitia tundu la kupumulia la giaboksi, au rejeta iliyojazwa maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulenti (maji maalumu ya kupooza injini) huoza, na bomba la kupooza oili lililo ndani yake likatoboka. Maji hubandua gundi ya klachi pleti, kwa hiyo usiliendeshe hata hadi gereji. Libebwe na brekdauni. Kama chanzo ni rejeta, badilisha rejeta kwanza. Kumwaga oili mara moja pia hakutoshi: hutoka lita 3 au 4 tu, nyingine hubaki ndani.

Kishindo ukiweka R huweza kuwa maunting ya injini (raba inayoishikilia) iliyokatika, na mtetemo wakati wa kupanda mlima ukawa plagi au koili. Viangalie kabla ya kulaumu gia.

Taa ya O/D OFF (ya ovadraivu, gia ya juu) kwenye dashibodi ikiwaka na kuzima yenyewe, kompyuta imehifadhi kosa. Kwa Toyota za miaka ya 1990, unganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya kupimia makosa, washa swichi bila kupiga stata, hesabu mimweko ya taa hiyo upate namba ya kosa. 42 na 61 ni sensa za spidi. 62 na 63 ni solenoidi (valvu za umeme za giaboksi) au waya zake. Pima waya kwanza. Solenoidi zenyewe kwa kawaida hufikiwa kwa kufungua sampu (trei ya oili chini ya giaboksi) tu, giaboksi ikiwa palepale garini.