Sumaku haipimi dhahabu

Wengi Nairobi huamini kwamba mkufu usiovutwa na sumaku ni dhahabu halisi. Shaba, fedha na risasi pia hazivutwi! Na springi ndogo ya chuma ndani ya kifungo cha mkufu halali huweza kuvutwa, mtu akaudharau bure.

Soma kwa lenzi mhuri wa mkufu, unaotaja sehemu za dhahabu katika kila elfu: 375 ni karati 9 (karati 24 ni dhahabu safi), 750 ni 18, 916 ni 22. Mhuri nao huigwa, hivyo sonara ausugue mkufu kwa nguvu kwenye jiwe la kupimia kabla ya kutia asidi kwenye alama inayobaki jiweni, aone kama itafutika. Juujuu huenda ni maji ya dhahabu tu.

Ukiuuza mkufu, mawe yake ya vito yatolewe kabla ya mizani. Gramu 10 za karati 18 zina dhahabu safi gramu 7.5: zidisha kwa bei ya siku ya gramu moja, yaani bei ya aunsi ukigawanya kwa 31.1, gramu za aunsi moja ya dhahabu. Sonara atalipa pungufu ya hapo, maana kuna kuyeyusha na faida yake.